Mabadiliko ya Jeni kwa Wanyama wa Utafiti wa Saratani ya Ngozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi, muuguzi, mzazi au mgonjwa aliyesoma mahali kwamba "panya waliobadilishwa jeni" wamesaidia kupatikana kwa dawa ya saratani ya ngozi, akabaki na maswali. Tumeyaacha maswali jinsi watu wanavyoyauliza. Mengine yana majibu marefu kwa sababu mambo yenyewe yana kona nyingi, na mengine sentensi mbili zinatosha.

Mabadiliko ya jeni ni kitu gani hasa?

Kila seli ya ngozi ina DNA, maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Herufi moja ikibadilika, au kipande kikikatika au kujirudia, jeni hiyo imebadilika. Mabadiliko mengi hayana madhara yoyote. Yanayoleta balaa ni yale yanayogusa jeni za aina mbili. Kuna zile zinazoiamuru seli igawanyike, ambazo zikibadilika hubaki zikiamuru bila kukoma. Halafu kuna zile zinazoizuia seli, au kuiua kabisa pale inapoharibika. Hizo zikipotea, seli mbovu hukosa wa kuizuia.

Jua lina namna yake ya kuharibu. Mionzi ya urujuanimno hugandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani, na seli ikikosea kurekebisha, CC huweza kugeuka TT. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliikuta alama hiyo kwenye jeni ya TP53, mojawapo ya zile zinazoizuia seli mbovu, ndani ya saratani za ngozi za binadamu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusoma DNA ya uvimbe na kusema: hapa jua limepita.

Wagonjwa wapo. Kwa nini mnahangaika na panya?

Kwa sababu uvimbe wa mgonjwa unaonyesha mwisho wa safari tu. Melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, ya mtu mmoja inaweza kuwa na mabadiliko maelfu kwa maelfu katika DNA yake, na ukiitazama hospitalini huwezi kujua lipi lilianza, lipi lilifuata, na yapi ni abiria tu waliopanda njiani.

Tena kuna jambo lililowashtua wengi mwaka 2015. Watafiti wa Uingereza walichukua ngozi ya kope za watu wasio na saratani, ngozi iliyokatwa katika upasuaji wa kawaida wa kope, wakaisoma DNA yake kipande kwa kipande. Takribani robo ya seli zilikuwa tayari na mabadiliko ya aina inayohusishwa na saratani, yakiwemo ya NOTCH1 na TP53. Ngozi ilionekana nzima na ilifanya kazi yake kama kawaida. Kwa hiyo kulikuta badiliko ndani ya uvimbe si ushahidi kwamba ndilo lililouanzisha.

Kwa mnyama unaweza kuanza upya. Unaweka badiliko moja na kusubiri. Ukiona halileti kitu, unaongeza la pili. Thamani yote ya wanyama hawa iko hapo, katika kupanga mfuatano.

Utafiti huu ulianza lini?

Mwaka 1775 daktari wa Uingereza, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa vijana wa London waliofagia mabomba ya moshi, akalaumu masizi. Ilichukua miaka 140 kupata ushahidi kwa mnyama. Mwaka 1915 huko Tokyo, Katsusaburo Yamagiwa na msaidizi wake Koichi Ichikawa walitangaza kwamba wamewapaka sungura lami ya makaa ya mawe masikioni, mara kwa mara kwa miezi, mpaka saratani ikaota. Wengine kabla yao walijaribu wakakata tamaa mapema. Mwaka 1928 ikaonyeshwa kwa panya kwamba hata mwanga wa urujuanimno peke yake unatosha.

Hakuna kati yao aliyejua ni jeni gani imeguswa. Muundo wenyewe wa DNA ulifahamika 1953.

Nimesikia kuhusu jaribio la "hatua mbili". Linafanywaje?

Hili ndilo jaribio lililofundisha watu mengi kuliko lingine lolote, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Panya mdogo wa maabara ananyolewa mgongoni. Anadondoshewa kemikali iitwayo DMBA mara moja tu. Hakuna kinachoonekana, manyoya yanaota tena kama kawaida. Baada ya wiki moja au mbili anaanza kupakwa kemikali ya pili, TPA, mara mbili kwa wiki. TPA ilitolewa kwenye mafuta ya mbegu za kroton, mmea wa Asia ambao mafuta yake huwasha ngozi vibaya mno. Baada ya miezi miwili au mitatu mgongo unaota vichunjua, vidogo, vya mviringo, unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Vingi vinabaki vichunjua. Vichache, miezi kadhaa baadaye, vinazama chini ya ngozi na kuwa saratani ya seli bapa, yaani ya seli za kawaida za ngozi.

Sasa geuza utaratibu. Paka DMBA mara moja bila TPA: karibu hakuna kinachoota. Paka TPA bila DMBA: vivyo hivyo. Anza na TPA ndipo umalizie na DMBA: hakuna. Lakini paka DMBA, subiri miezi mingi, kisha anza TPA: vichunjua vinakuja. Mambo haya yalikuwa yamejulikana kufikia mwisho wa miaka ya 1940, wakati huo kwa mafuta yenyewe ya kroton, na maana yake ilikuwa nzito. DMBA iliacha kitu ndani ya ngozi, kitu cha kudumu kisichoonekana.

Kitu hicho kilipatikana 1986, pale kundi la Allan Balmain lilipoisoma jeni ya Hras katika vichunjua hivyo. Karibu vyote vilikuwa na badiliko lilelile, herufi A iliyogeuka T katika kodoni (kundi la herufi tatu) ya 61. Herufi moja katika maandishi yenye herufi zaidi ya bilioni mbili ilikaa kimya katika ngozi ya panya mwenye afya, ikisubiri muwasho wa kuiamsha.

Mtu akikuuliza kama kidonda kisichopona au kovu la moto linalochubuka kila mara lina hatari, mkumbuke panya huyu. Saratani ya seli bapa hutokea kweli kwenye makovu ya zamani ya moto na vidonda sugu, jambo ambalo madaktari wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri.

Siku hizi wanabadilishaje jeni ya panya bila kutumia kemikali za saratani?

Wanaiandika upya kwenye kiinitete, lakini kwa kuifunga. Jeni iliyobadilishwa inawekwa ikiwa imezimwa, pamoja na kimeng'enya kiitwacho Cre chenye uwezo wa kuifungua. Cre inafungwa kwenye swichi inayofanya kazi katika aina moja tu ya seli: seli zinazotengeneza rangi, au seli za tabaka la chini la ngozi. Mara nyingi kinaongezwa kizuizi cha pili, kwamba Cre haifanyi kazi mpaka ipate dawa ya tamoksifeni. Mtafiti anaweka tone la tamoksifeni kwenye ngozi ya ubavu wa panya mtu mzima, na jeni inafunguka hapo kwenye tone, ndani ya seli za rangi tu. Sehemu nyingine ya mwili inabaki salama.

Zamani kidogo jeni iliondolewa mwili mzima tangu tumboni, na panya wengi walikufa kabla ya kuzaliwa au walipata saratani za kila mahali. Panya wa kwanza wasio na p53, ambayo ndiyo TP53 kwa wanyama hawa, mwaka 1992, walizaliwa wakionekana wazima lakini wakapata uvimbe wa aina nyingi, hasa limfoma (saratani ya seli za kinga), kabla hata ngozi haijapata nafasi.

BRAF ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

BRAF ni jeni ya protini inayopitisha amri ya "gawanyika" ndani ya seli. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba takribani nusu ya melanoma za binadamu zina BRAF iliyobadilika, na mara nyingi ni badiliko moja, V600E. Watu walishangilia, wakadhani chanzo cha melanoma kimepatikana.

Wanyama wakawapunguza kasi. Mwaka 2005 maabara ya Leonard Zon kule Boston iliweka V600E ndani ya seli za rangi za samaki pundamilia. Samaki wakapata madoa meusi kama ya kuzaliwa, basi. Badiliko hilohilo lilipowekwa kwa samaki ambao tayari walikuwa wamepoteza p53, melanoma ikaja. Mwaka 2009 panya wakasema vilevile: V600E peke yake kwenye ngozi ya panya ilileta mrundikano wa seli za rangi uliosimama wenyewe, lakini V600E pamoja na kupotea kwa jeni ya Pten ilileta melanoma iliyosambaa mpaka kwenye tezi za limfu na mapafu.

Hapo ndipo jambo moja la binadamu lilipoeleweka. Madoa mengi meusi ya kawaida tunayotembea nayo miaka yote yana V600E ndani yake, na mengi sana hayageuki kuwa saratani. Seli zake ziligawanyika kwa muda, zikagota, zikatulia.

Samaki walikuwa na neno la ziada. Mwaka 2016 maabara hiyohiyo ilitengeneza samaki ambao seli zao hung'aa kijani pale jeni ya crestin inapowaka. Jeni hiyo hufanya kazi kwenye kiinitete kisha huzimika. Katika ngozi iliyojaa seli zenye BRAF mbovu na zisizo na p53, seli moja hapa na nyingine pale ndizo zilizoanza kung'aa, na karibu kila iliyong'aa ikawa uvimbe. Kwa hiyo hata mabadiliko mawili hayatoshi. Lazima seli irudi nyuma, ijisahau kuwa ni seli ya ngozi iliyokomaa.

Samaki ana ngozi ya kulinganishwa na yetu kweli?

Kwa kiasi kidogo. Ana seli za rangi zinazotoka asili moja na zetu kwenye kiinitete, na jeni zinazoziongoza zinafanana. Faida yake kubwa ni nyingine: jike moja hutaga mayai mamia kwa wiki, viinitete vyake ni angavu kama kioo, na kuna aina yake iliyozalishwa ibaki angavu hata ukubwani, unaona seli ya saratani ikisafiri ndani ya mnyama aliye hai.

Hata hivyo samaki wa melanoma ni wa zamani kuliko maabara za jeni. Miaka ya 1920 wafugaji na wanasayansi waliona kwamba aina mbili za samaki wadogo wa Mexico na Amerika ya Kati, wa jamii ya Xiphophorus, wakipandishwa, na mahuluti wao wakapandishwa tena na upande mmoja wa wazazi, baadhi ya watoto hupata melanoma nyeusi za kutisha bila kuguswa na mtu. Mwaka 1989 jeni ya kosa hilo ilitambuliwa: Xmrk, nakala iliyoharibika ya jeni jamaa na EGFR ya binadamu. Kwa samaki wasiochanganywa jeni nyingine huidhibiti. Mahuluti ndio waliorithi jeni mbaya wakamkosa mlinzi wake.

Jua linaingia wapi katika habari hii yote?

Mara nyingi halikuingia, na hiyo ni kasoro. Panya wengi wa melanoma hupata saratani bila kuona jua hata siku moja, kwa sababu jeni zimeshabadilishwa na mtafiti. Uvimbe wao una mabadiliko machache mno ukilinganisha na wa binadamu, ambao DNA yake imeparazwa na jua kwa miongo.

Tafiti mbili zilirudisha jua mezani. Ya kwanza, ya 2001, ilitumia panya wenye seli za rangi kwenye tabaka la juu la ngozi kama binadamu. Mionzi ya kuunguza iliyotolewa mara moja tu kwa vichanga wa siku chache ilitosha kuwaletea melanoma baadaye maishani. Kuwamulika ukubwani hakukuwa na athari hiyo. Ya pili, ya 2014, ilichukua panya wenye BRAF V600E na kuwamulika urujuanimno: melanoma zilikuja mapema na kwa wingi, na nyingi zilikuwa zimepata mabadiliko kwenye p53. Baadhi ya panya walipakwa losheni ya kukinga jua kabla. Losheni ilichelewesha melanoma, lakini haikuizuia yote. Daktari anayekuambia uvae kofia na shati la mikono mirefu juu ya losheni hajatia chumvi.

Panya wengi wa maabara ni weupe wenye macho mekundu. Je, wanatufundisha kuhusu ualbino?

Swali hili tunaulizwa sana, na lina mtego.

Ni kweli panya hao wana ualbino. Lakini wao wamerithi hitilafu ya jeni ya tyrosinase, kimeng'enya cha kwanza katika utengenezaji wa rangi. Watu wengi wenye ualbino Tanzania na kwingineko Afrika kusini mwa Sahara wana hitilafu ya jeni nyingine, OCA2, na badiliko lililo la kawaida kabisa ni kukatika kwa kipande cha herufi zipatazo 2,700. Ndiyo maana wengi wao wana nywele za manjano badala ya nyeupe kabisa: rangi ipo kidogo.

Mtego wenyewe uko kwenye utafiti wa 2012. Watafiti walitumia panya wenye hitilafu ya Mc1r, jeni ileile inayoleta nywele nyekundu kwa Wazungu, wakawawekea BRAF V600E. Karibu nusu yao walipata melanoma bila jua lolote. Kisha wakazalisha wengine wa aina hiyohiyo lakini wenye ualbino juu yake, na hao walinusurika. Hitimisho la watafiti lilikuwa kwamba rangi nyekundu yenyewe, inapotengenezwa, huidhuru DNA ya seli. Panya asiyetengeneza rangi yoyote hana sumu hiyo.

Baadhi ya watu walisoma hapo wakasema basi ualbino unakinga saratani ya ngozi. Hapana! Jaribio lile lilihusu melanoma, kwa panya, gizani. Mtu mwenye ualbino anayelima Shinyanga au kuuza samaki ufukweni hayuko gizani. Saratani inayomwinda ni ya seli bapa, ile itokanayo na seli za kawaida za ngozi zilizokosa mwavuli wa melanini, na huanza usoni, masikioni, shingoni na mikononi, mara nyingi katika umri mdogo kabisa. Melanoma kwao ni nadra kweli. Lakini hiyo si faraja kwa mtu ambaye kidonda cha sikio kimeshafika kwenye mfupa.

Mtu mwenye ualbino, au mzazi wake, anahitaji kukaguliwa ngozi mara kwa mara, kofia ya ukingo mpana, nguo ndefu na losheni. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili yao. Kipele kigumu chenye magamba kisichopona ndani ya wiki chache kipelekwe kliniki, kisingojee kikue.

Mtoto wetu hana ualbino, lakini jua linamuunguza vibaya na ana madoa mengi usoni. Kuna mnyama wa tatizo hilo?

Yupo, lakini kwanza mpelekeni mtoto kwa daktari wa ngozi. Moja ya mambo atakayofikiria ni ugonjwa wa kurithi uitwao xeroderma pigmentosum, ambapo mwili unashindwa kukata na kurekebisha DNA iliyogandishwa na jua. Sababu hiyo ilitambuliwa 1968. Mtu mwenye ugonjwa huu ana hatari ya saratani ya ngozi kabla ya miaka 20 iliyo zaidi ya mara 10,000 ya mtu wa kawaida. Mwaka 1995 walitengenezwa panya wasio na jeni ya Xpa. Wanakua vizuri, wanazaa, na wanaishi bila shida wakifichwa na mwanga. Wamulike urujuanimno, wanaota saratani upesi. Ndiyo maana wazazi wa watoto hawa wanasisitiziwa kuwakinga na jua tangu siku ya kwanza ya utambuzi.

Na ile saratani ya ngozi iliyo ya kawaida zaidi kwa Wazungu?

Hiyo ni ya seli za tabaka la chini, na njia yake ya kutokea ni nyoofu kuliko za nyingine zote. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba familia zinazoirithi zina hitilafu ya jeni ya PTCH1. Mwaka uliofuata wakapatikana panya wenye nakala moja tu nzima ya jeni hiyo, na hao wakimulikwa hupata uvimbe unaofanana sana na wa watu.

Kisa cha dawa yake kinaanzia zizini. Miaka ya 1950 kondoo wa wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakizaa wana-kondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Wachunguzi waligundua kondoo walikuwa wakila yungiyungi wa porini siku fulani za mimba. Kemikali ya mmea huo ilipewa jina siklopamini, na baadaye ikaeleweka kwamba huzima protini ya Smoothened, ileile ambayo PTCH1 nzima huishikilia isiamke. Dawa ya vismodegib, iliyoidhinishwa Marekani 2012 kwa saratani hii ikiwa imesambaa, inafanya kazi kwenye protini hiyohiyo. Na kwa sababu ya kondoo wale tunajua bila kuuliza kwa nini mjamzito haruhusiwi hata kuigusa.

Kuna wanyama wanaopata saratani hizi wenyewe, bila maabara?

Wapo, na tunawapenda zaidi kuliko panya wa kutengenezwa. Farasi wa kijivu ni mfano wa wazi kabisa. Huzaliwa weusi au wa kahawia, wanageuka weupe kadiri wanavyokua, wakiwemo wengi wa jamii ya farasi wa Kiarabu. Mwaka 2008 ilionekana kwamba wote wana badiliko moja la kale: kipande cha herufi 4,600 kimejirudia ndani ya jeni ya STX17. Badiliko hilo ndilo linalowafanya weupe, na ndilo linalowaongezea melanoma. Wakivuka miaka 15, wengi wao, asilimia 70 hadi 80, huwa na vivimbe vyeusi, hasa chini ya mkia ambapo jua halifiki. Wengi huishi navyo miaka.

Kuna nguruwe wadogo wa ukoo wa Sinclair wanaozaliwa na melanoma au kuipata wakiwa wachanga, na nyingi hunywea zenyewe baada ya kinga ya mwili kuzivamia. Weupe unabaki mahali palipokuwa na uvimbe.

Upande wa pili kuna asiyepata. Fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo Kenya, Ethiopia na Somalia, alijaribiwa Japani kwa DMBA na TPA zilezile zinazoangusha panya. Katika utafiti uliotolewa 2022, hakuna fuko aliyeota uvimbe. Ngozi yake haikuwaka kwa muwasho kama ya panya, na sababu mojawapo ilikuwa katika jeni zake mbili, RIPK3 na MLKL, ambazo kwake zimeharibika tangu zamani. Jeni hizo kwa panya huifanya seli ife kwa kupasuka na kuita kinga ya mwili kwa fujo. Fuko amezipoteza, fujo hakuna, na TPA inakosa kazi. Jeni kuharibika, kwa mara moja, ni jambo jema.

Je, kinachofanya kazi kwa panya hufanya kazi kwa mtu?

Wakati mwingine, na visa viwili vya dawa zileile vinaonyesha pande zote.

Vemurafenib, dawa inayozima BRAF V600E, iliidhinishwa Marekani 2011. Muda si mrefu madaktari waliona baadhi ya wagonjwa ambao melanoma yao ilikuwa ikinywea wanaota saratani ya seli bapa mahali pengine kwenye ngozi. Zaidi ya nusu ya uvimbe huo mpya ulikuwa na mabadiliko ya RAS, ukoo wa jeni ambao Hras ni mmojawapo. Watafiti wakamrudia panya wa DMBA na TPA, yule mwenye Hras iliyobadilika. Wakampa dawa ya aina hiyo: vichunjua vikaja haraka. Wakaongeza dawa ya pili inayozima MEK, hatua inayofuata baada ya BRAF, na kasi ikakatika. Leo wagonjwa hupewa dawa zote mbili kwa pamoja, na saratani hizo za pembeni zimepungua sana. Panya wa miaka ya 1940 alilipa deni lake.

Kisa cha pili. Mwaka 2013 panya waliopandikizwa melanoma ya binadamu walionyesha kwamba uvimbe uliozoea vemurafenib ulikuwa umeitegemea: ukiacha dawa, uvimbe hunywea. Kwa hiyo kuwapa dawa kwa vipindi, wiki kadhaa na mapumziko, kulichelewesha usugu. Wazo zuri, lenye mantiki. Likajaribiwa kwa wagonjwa, matokeo yakatoka 2020: waliopewa dawa mfululizo walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujaendelea kuliko waliopewa kwa vipindi. Panya alikuwa amekosea, au tuseme alijibu swali la panya.

Tofauti za mwili zipo wazi. Ngozi ya panya ni nyembamba na ina manyoya, na seli zake za rangi ziko kwenye mizizi ya manyoya, wakati zetu ziko tabaka la chini la ngozi ya juu. Panya huishi miaka miwili mitatu, ndani ya sanduku, akila chakula kimoja, na ndugu zake wote wana jeni sawa na zake.

Wanyama hawa wanateseka?

Ndiyo, baadhi yao, na anayekukatalia anakudanganya. Kanuni zinazofuatwa ni tatu: tumia njia nyingine kama ipo, punguza idadi, punguza maumivu. Kamati ya maadili huweka kikomo cha ukubwa wa uvimbe, na mnyama akikifikia huuawa kwa namna isiyomuumiza hata kama jaribio halijaisha. Vipodozi ni habari nyingine: tangu 2013 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Saratani ya mnyama inaweza kuniambukiza?

Hapana.

Nikisoma kwamba "wanasayansi wameponya saratani ya ngozi kwa panya", niangalie nini?

Tazama kwanza uvimbe ulitoka wapi. Kama uliota wenyewe ndani ya ngozi ya panya aliyefunguliwa jeni mbili au tatu, hiyo ni kazi nzito. Kama ni seli zilizokuzwa kwenye sahani na kudungwa chini ya ngozi, punguza matarajio, kwa sababu uvimbe huo haukupitia njia yoyote ya kawaida. Tazama kama panya alikuwa na kinga ya mwili: seli za binadamu haziwezi kupandikizwa kwa panya mwenye kinga kamili, kwa hiyo dawa ya kuamsha kinga ikisifiwa kwa panya asiye nayo, uliza imefanyaje kazi. Tazama pia kama dawa ilianza kabla uvimbe haujaonekana au baada. Wagonjwa huja hospitalini baada.

Halafu tafuta jina la seli. Ukikuta B16, ujue ni melanoma iliyotoka kwa panya mweusi mmoja wa Marekani mwaka 1954 na imekuwa ikikuzwa maabara duniani kote tangu hapo. Ni seli zinazokua kwa kasi ya ajabu, rahisi kutumia, na zimetumika katika tafiti zisizohesabika. Ila hazina BRAF V600E. Dawa ya BRAF ikishindwa au ikifaulu kwa B16, haijasema lolote kuhusu mgonjwa mwenye V600E.